Mkanda wa jeshi usoni, sasa mjomba kapata kiharusi: naomba ushauri

Wakuu, habari za saa hizi. Mjomba wangu, mzee wa miaka 60 na ushee, alitokwa na mkanda wa jeshi upande wa kulia wa uso: paji, kope, mpaka ncha ya pua. Majirani wakasema karogwa, akapakwa miti shamba weee. Asaiklova, dawa ya kupambana na kirusi cha mkanda wa jeshi, ambayo inafaa ianzwe ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, akaja kuipata vidonda vimeshakauka. Jicho likabaki jekundu, anaona ukungu tu.

Wiki kadhaa mbele, yuko kwenye chai, kikombe kikamponyoka. Mkono wa kushoto umelegea, mdomo umepinda. Presha iko sawa, sukari sawa, VVU hana. CT scan ikaonyesha kiharusi, akapewa aspirini.

Daktari mmoja kijana (huyu ndiye aliyeuliza habari za vipele) anasema kirusi cha mkanda wa jeshi, kilekile cha tetekuwanga, huweza kufuata neva za uso hadi kwenye mishipa ya damu ya ubongo, ikavimba na kuziba. Anataka achukuliwe maji ya uti wa mgongo, wapime kirusi na kingamwili zake, kisha asaiklova ya kwenye mshipa.

Shangazi kagoma: sindano ya mgongo itampoozesha kabisa! Mimi naona daktari ana hoja.

Kuna aliyeuguza mgonjwa wa hivi? Kipimo hicho hospitali ya mkoa kinapatikana, au tuombe rufaa? Na jicho, tumwone daktari wa macho sasa hivi au tusubiri atoke wodini?