Mashindano ya mahakama ya mfano vyuoni: yaendeshwe kwa Kiswahili au yabaki Kiingereza?

Wadau, nauweka mjadala huu mezani na msimamo wangu sitauficha: shindano lolote la wanafunzi wa sheria linaloiga Mahakama ya Rufani ya Tanzania liendeshwe kwa Kiswahili, kuanzia sababu za rufani mpaka swali la mwisho la jopo.

Tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani kwa sababu aliandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu Musoma. Mwaka huohuo Bunge likarekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kifungu cha 84A kikatamka kuwa lugha ya mahakama ni Kiswahili. Kiingereza kikaachiwa pale maslahi ya haki yanapokihitaji. Sasa tunamfundisha nani kusimama mahakamani kana kwamba hayo hayajatokea?

Nilikaa kwenye jopo la shindano moja. Shauri lilifuata ile rufani ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana aliyefungua kesi kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ilivibatilisha mwaka 2016. Serikali ikakata rufani, na Oktoba 2019 ikashindwa. Kijana aliyesimama upande wa serikali alitiririka kwa Kiingereza kwamba tofauti ya umri kati ya msichana na mvulana si ubaguzi. Mwenzangu kwenye jopo akamwambia: "Wakili msomi, hebu irudie hoja hiyo kwa Kiswahili, kana kwamba binti mwenyewe amekaa pale nyuma." Kijana akafunua karatasi, akarudi nyuma kurasa mbili, akanyamaza. Alipoanza tena aliacha nusu ya aliyoyasema mwanzo, akashika hoja moja tu: kubadilisha umri wa ndoa ni kazi ya Bunge. Ndiyo hoja pekee aliyoweza kuisema akimtazama mtu usoni, na ndiyo iliyokuwa na nguvu. Tangu siku hiyo naamini Kiingereza kinawafichia wanafunzi wetu udhaifu wa hoja zao.

Najua pingamizi. Kwamba Kiswahili hakina istilahi, hilo silikubali: hati ya kiapo, pingamizi la awali, kumbukumbu za rufani, mwenendo wa shauri, yote tunayatumia, na mahakama za mwanzo zimekuwa zikisikiliza mashauri kwa Kiswahili miaka yote.

Zito ni la vitabu. Uamuzi wa 2002 katika shauri la Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, unaotuongoza katika kutafsiri Katiba, uko kwa Kiingereza, kama ulivyo urithi mwingi wa Mahakama ya Rufani tangu 1979. Mwanafunzi atasoma kwa lugha moja na kutetea kwa nyingine, na kweli ni mzigo. Lakini ndio mzigo utakaomsubiri ofisini siku mteja wake atakapouliza rufani imefikia wapi. Na wale wanaokwenda mashindano ya kimataifa, au watakaosimama Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ambako lugha ni Kiingereza, waandaliwe kwa hilo. Ni wachache, tusiwafanye kipimo cha darasa zima.

Hata mihadhara naomba tuijadili. Jaji wa Rufani akialikwa chuoni kueleza mahakama inavyofikia uamuzi, azungumze Kiswahili na milango iwe wazi kwa majirani wa chuo. Wengine mnasema itapunguza kina cha mjadala. Mnipe mfano wa suala la kikatiba lililoshindikana kuelezwa kwa Kiswahili na jaji anayelijua.

Walimu mnaosahihisha hoja za maandishi, nawasubiri hasa ninyi: mkipewa shindano la mwaka ujao kwa Kiswahili, alama za matumizi ya maamuzi ya nyuma mtazitoa vipi, wakati mwanafunzi ananukuu tafsiri yake mwenyewe?