Naomba ushauri: kumtembeza mzee Ndia Kuu, Mombasa

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Mwezi ujao natarajia kumpeleka baba mkwe wangu, ambaye hutembea kwa mkongojo, aione Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale inayoanzia karibu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kuelekea upande wa bandari ya kale ya majahazi. Maduka ya vinyago hayamvutii (na mimi namuunga mkono). Anachotaka ni kuzitazama kwa utulivu roshani za mbao na milango ya nakshi, kisha aswali katika Msikiti wa Mandhry.

Naomba wenyeji mnieleze kama ni afadhali tuanze asubuhi au tusubiri baada ya Alasiri, wakati jua limepungua makali, na kama kuna baraza ambapo mzee anaweza kupumzika bila kuwaudhi wenye nyumba. Je, tuktuk itaweza kutufikisha hadi karibu na msikiti? Zaidi ya hayo, mtembezaji hulipwaje: tupatane kabla ya kuondoka, au kuna kiwango kinachojulikana?