Asilimia 98 ya jirani na asilimia 98 yetu

Wa Kibokoni (mwanzisha mada)

Nduzangu, salaam aleikum. Jana baada ya isha tulikuwa barazani, dele la kahawa limeshazunguka mara ya pili, ikaingia habari ya uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 29, 2025. Kijana mmoja akasema, "Mama Samia kapata asilimia 97.66! Hao waliobaki walikuwa wamelala?" Baraza zima kicheko, na mie nimo. Ami mmoja, ambaye kwa kawaida hunywa kahawa yake akaenda zake, akauliza: "Na Uhuru Oktoba 26, 2017 alipata ngapi?"

Nikatoa simu. Asilimia 98 na ushei.

Najua mtasema Raila alijitoa mwenyewe. Sawa, lakini alijitoa kwa nini? Uchaguzi wa Agosti 8 ulikuwa umefutwa, na tume ileile ndiyo iliyorudi kusimamia wa marudio. Kuna kaunti za Nyanza hazikupiga kura kabisa. Sasa nauliza: sie Wakenya tuna uso gani wa kumcheka jirani?

Wa Likoni

Ami yako kakuchezea shere, yakhe. Hapa Septemba 1, 2017 Jaji Maraga na wenzake walifuta ushindi wa rais aliye madarakani. Kule katiba yao, ibara ya 41, inasema rais akishatangazwa na tume hakuna mahakama ya kuhoji. Lissu, kiongozi wa Chadema, alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini, chama chake kimeenguliwa, Mpina, mgombea wa ACT-Wazalendo, naye kakatwa. Unashindana na nani hapo? Fomu zetu za 34A, zile za matokeo ya kila kituo, mwaka 2022 zilianikwa mtandaoni, nilikaa na kikokotoo najumlisha mwenyewe mpaka mke wangu akanikasirikia. Kasoro zetu na zao usizitie kapu moja.

Wa Kibokoni

Kwa mahakama nakupa. Ila kumbuka kabla ya Maraga kusema neno, waangalizi wa nje walishausifu ule uchaguzi wa Agosti, John Kerry, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, akiwemo, na fomu za vituo zilikuwa hazijafika zote. Na Msando wa tume, bwana wa mitambo, alikuwa ameuawa siku chache kabla ya kura. Mgeni akitusifia wakati tumeibiana tunanyamaza, akimkosoa Mtanzania tunapiga makofi.

Wa Majengo

Mmemtaja Kerry, mmenikumbusha mbali. Oktoba 2015 Jecha, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Zanzibar, alifuta uchaguzi wa huko. Machi 2016 Marekani ikazuia dola milioni 472 za msaada kwa Tanzania, na hilo lilikuwa mojawapo ya sababu. Januari 2021 wafuasi wa Trump wakavamia bunge lao wenyewe kupinga matokeo. Halafu Julai 2025 Rubio, waziri wao wa mambo ya nje, kaagiza balozi zao zisitie neno juu ya haki ya chaguzi za wengine, labda pawe na maslahi makubwa ya Marekani. Hapo unafiki umepona au umepandishwa cheo?

Na sie Mombasa tusijitie ulimbwende. Gavana 2022 tulimpigia kura Agosti 29, wenzetu walishamaliza tarehe 9, kisa karatasi za kura zimechapwa kombo.

Bi wa Mtongwe

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mie dada yangu kaolewa Tanga. Siku ile ya kura nilimtumia ujumbe wa kumjulia hali, ikatoka tiki moja. Kesho yake moja. Keshokutwa moja. Mtandao umezimwa nchi nzima, nami nakaa na simu mapajani hata ugali naunguza. Uliporudi hakuniuliza Kenya mna usafi gani. Aliuliza, "Huko nyinyi mliona?" Maana wao walikuwa wanasikia milio ya risasi tu, hawajui kunani mtaa wa pili. Kama mwenye dhambi asiseme, nani angemwambia?

Wa Kibokoni

Pole Bi, na mpe dada salamu zetu. Umenibana, sina la kukujibu. Ila leo usiku nitarudi barazani, na nikianza ya Tanga namjua ami: ataniuliza ya yule mtoto wa miezi 6 aliyekufa kwa rungu la polisi Kisumu, Agosti ileile ya 2017, kama siku hiyo nilisema chochote. Sikusema, Bi. Nilikuwa nashangilia matokeo.