Kare-kare ya kuku, isiyo na mafuta mengi: mchuzi unakuwa maji, nakosea wapi?

Bi_Mkunazini:

Asalamu alaykum wana jikoni. Naomba msaada wa kare-kare, ule mchuzi wa karanga wa Wafilipino. Asili yake ni mkia wa ng'ombe na utumbo. Mimi nataka wa kuku, mwepesi, maana mlaji ameambiwa na daktari apunguze mafuta. Nipo Muscat, kwa hiyo viungo vya Kifilipino napata dukani.

Nilivyopika: kidari bila ngozi kilo 1, nimekichemsha dakika 40 kwenye maji lita moja na nusu. Nikatia siagi ya karanga ya kopo vijiko 6 vikubwa, kisha biringani, maharage mabichi na majani, vyote sufuria moja. Mchuzi umetoka maji, mafuta yanaelea juu, nyama kama pamba, biringani limepotelea humo, na rangi ni ya matope badala ya ile ya machungwa. Bagoong, ile kachumbari ya uduvi uliochachushwa inayoliwa pembeni, nayo chumvi tupu. Nianzie wapi kurekebisha?

Chungu_Kikuu:

Wa alaykum salaam dada. Anzia kwenye supu, mengine yatafuata.

Mkia wa ng'ombe una mafuta, lakini una pia ule ute wa mifupa na kano ambao supu ikipoa huganda ukatikisika. Mafuta ndiyo unayoyakimbia. Ute ndio unaofanya mchuzi ushike kwenye wali, na kidari hakina ute wa kutosha. Ukitoa mkia ukaweka kidari na maji, umetupa vyote viwili.

Dawa yake ni miguu ya kuku, ile yenye kucha. Chukua nusu kilo, kata kucha, ichemshe dakika 5, mwaga maji hayo pamoja na povu lake. Tia maji mapya lita 1.8, kitunguu kimoja kilichokatwa mara mbili, vitunguu saumu punje 4, na uache itokote kwa moto mdogo saa moja na nusu hadi mbili. Ukichuja ubaki na kama lita 1.2. Iweke kwenye friji usiku kucha: asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu, unayaengua kwa kijiko, na chini supu imekuwa jeli. Kama ni haraka, iache itulie nusu saa kisha engua kwa upawa, ingawa hutayamaliza yote.

Nyama: mapaja yenye mfupa, ngozi imetolewa, kilo 1.2 kwa watu sita. Tofauti ya mafuta kati ya paja lisilo na ngozi na kidari ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kama gramu 4 kwa 2.6 kwenye kila gramu 100 za nyama mbichi. Ngozi ndiyo yenye mzigo. Paja linavumilia kutokota dakika 25 hadi 30 bila kukauka. Kidari dakika 40 ni kukionea. Ukikitaka lazima, kitie kizima ndani ya supu iliyo karibu kuchemka, punguza moto hadi maji yawe yanatetemeka tu, na kitoe baada ya dakika 12 hadi 15, ndani kikifika nyuzi 74. Kikate vipande na ukirudishe wakati wa kupakua.

Mboga usizipikie ndani ya mchuzi kamwe. Karanga na unga wa mchele hushika chini, na wewe ukikoroga kuzuia usiungue unaponda biringani. Chemsha maji pembeni, zipitishe moja moja, zipange juu ya mchuzi mwishoni. Maganda mabichi ya kunde (Wafilipino huyaita sitaw) yakatwe urefu wa kidole, dakika 3 hadi 4. Chainizi: mashina dakika moja, majani nusu dakika. Biringani usilikaange, linakunywa mafuta kama sifongo na hapo wepesi wote umekwisha. Lipike kwa mvuke dakika 6 au lichome.

Ua la mgomba nalo ni sehemu ya sahani hii. Menya maganda mekundu hadi ufike kwenye yale meupe, kata vipande, vitumbukize hapo hapo kwenye maji yenye chumvi na ndimu la sivyo vinakuwa vyeusi. Baada ya dakika 20 kamua, chemsha dakika 8, mwaga maji. Ukiruka hatua hiyo, ukakasi wake utaukuta kwenye ulimi hadi kesho. Paka mikono mafuta kabla, utomvu wake hautoki.

MpishiWaMeli:

Chungu_Kikuu amemaliza supu, mimi niingie kwenye uzito na karanga, ndipo wengi wanapoharibu.

Kare-kare haifanywi nzito kwa karanga peke yake. Kuna mchele uliokaangwa ukasagwa, na kwa anayetaka chakula chepesi huo ndio ukombozi, kwa sababu unapunguza karanga bila mchuzi kuwa maji. Mapishi mengi ya kopo yanasema siagi ya karanga kikombe kizima, gramu 250 hivi. Kwa watu sita hiyo ni karibu kalori 240 kila mtu kutoka kwenye karanga tu. Tumia gramu 80 na mchele gramu 45, karanga zinashuka hadi kalori 75 kwa sahani na bado mchuzi ni mzito.

Mchele: kikaango kikavu, moto wa chini ya wastani, geuza bila kuacha dakika 8 hadi 10 hadi uwe rangi ya kahawa ya maziwa na unukie kama bisi. Ukiwa mweusi tupa, uchungu wake haufichiki. Usage laini kabisa kwenye mashine ya kahawa au kinu, uchekeche. Ukibaki chenga, mchuzi utakuwa na mchanga mdomoni.

Utaratibu sasa. Koroga unga huo kwenye maji BARIDI ml 150. Ukiumwaga mkavu kwenye supu ya moto unapata madonge, na hayavunjiki. Toa kuku, pima supu ml 900, ichemshe, mimina unga huku ukikoroga, moto mdogo dakika 8 hadi 10. Mpaka hapo ni uji mwepesi. Sasa ndipo karanga ziingie, zikiwa zimelainishwa na upawa mmoja wa supu ya moto. Dakika 5 zaidi, usiruhusu kuchemka kwa nguvu. Rudisha kuku.

Kwa nini mafuta yalielea kwako? Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Ukizitia kwenye maji matupu na kuzichemsha kwa fujo, mafuta hayana cha kuyashika, yanapanda juu. Wanga wa mchele na ule ute wa miguu ndivyo vinavyoyashika. Ndiyo maana mchele hutangulia.

Siagi ya kopo soma kibandiko: nyingi zina sukari na mafuta ya ziada. Bora karanga zilizokaangwa kavu ukasaga mwenyewe bila chochote. Chagua punje moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa zote, maana kukaanga hakumalizi sumukuvu. Kuna pia unga wa karanga uliokamuliwa mafuta, unauzwa kwenye maduka ya wafanya mazoezi. Unafaa nusu kwa nusu. Ukiutumia peke yake mchuzi unakuwa na ladha ya kadibodi, kwa sababu harufu ya karanga imo kwenye yale mafuta yaliyokamuliwa.

Bi_Mkunazini:

Ahsanteni sana, nimeshaona nilivyojimaliza. Rangi je? Dukani kuna mbegu za achuete na kuna unga. Na je, naweza kutia bizari badala yake? Tui la nazi kidogo?

MpishiWaMeli:

Tui hapana. Kare-kare ya kawaida haina nazi wala nyanya. Ukitia hivyo umerudi kwenye mchicha wa karanga, chakula kizuri lakini si hiki, na mafuta umeyarudisha kwa mlango wa nyuma. Bizari nayo inaleta unjano na harufu ya mchuzi mwingine kabisa.

Achuete ndiyo mzingefuri wetu, ule mti ambao wakulima wa Kwale huuita bixa. Rangi iko kwenye ngozi ya nje ya mbegu. Wengi huzikaanga kwenye mafuta kwa sababu rangi hiyo hutoka vizuri zaidi humo, lakini kwako tumia maji: vijiko 2 vikubwa vya mbegu, maji ya moto nusu kikombe, dakika 30, kisha zisugue kwa vidole hadi maji yawe mekundu, chuja kwa kitambaa. Yatie pamoja na uji wa mchele. Ukipendelea mafuta, kijiko kimoja cha chai kinatosha, moto mdogo kabisa dakika 3; mbegu zikiwa nyeusi mafuta yamekuwa machungu, anza upya. Unga ni rahisi, kijiko 1 cha chai, ila angalia usiwe umechanganywa na wanga mwingi. Vaa nguo ya zamani.

Kama hakuna achuete, paprika isiyo kali nusu kijiko cha chai, au uache mchuzi na rangi yake ya karanga. Ladha haipungui sana.

Nuru_wa_Doha:

Niongezee la bagoong, naona limerukwa na ndilo lililomsumbua dada.

Bagoong alamang ni uduvi uliochachushwa kwa chumvi nyingi. Kare-kare kwa desturi haitiwi chumvi chunguni, kila mtu anachovya bagoong mezani mwake. Sasa ukitia chumvi kwenye supu NA ukaweka bagoong, lazima iwe chumvi tupu. Halafu ile ya chupa ni ya aina mbili. Kuna mbichi, na kuna iliyokwisha kukaangwa na sukari na mafuta. Chukua mbichi, soma kibandiko. Ya kukaanga mara nyingine hupikwa na nyama ya nguruwe, kwa hiyo Waislamu tuwe macho.

Weka vijiko 3 vikubwa kwenye kichujio, pitisha maji baridi mara moja, iache idondoke. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta, vitunguu saumu punje 3, kitunguu kidogo, nyanya moja; vikilainika tia bagoong, siki kijiko kimoja, dakika 5, malizia na pilipili mbichi. Kipimo ni kijiko cha chai kwa kila mtu. Mwenye presha apewe nusu.

Kwa walio nyumbani Tanga au Mombasa wasioipata: uduvi mkavu, loweka dakika 10, twanga na kitunguu saumu, chumvi na ndimu, ukaange vivyo hivyo. Haujachachuka, kwa hiyo ule ukali wa ndani haupo, lakini unakaribia.

Na kabla hujapakulia wageni uliza: karanga na uduvi vyote ni vitu ambavyo baadhi ya watu vinawadhuru vibaya.

Chungu_Kikuu:

Hapo kwenye chumvi natofautiana kidogo na Nuru. Kwa supu ya mkia, nyama yenyewe ina ladha nzito, chungu kisicho na chumvi kinavumilika. Kuku ni mpole. Mimi naona nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye supu ya lita moja inapunguza hamu ya kuchota bagoong.

Nuru_wa_Doha:

Kinadharia sawa. Mezani watu watachota vilevile, bakuli liko mbele yao. Kama shida ni presha, acha chungu bila chumvi na bagoong uigawe mwenyewe kwenye visahani.

Bi_Mkunazini:

Nimefuata la Nuru, visahani. Swali la mwisho: nikipata kuku wa kienyeji badala ya wa kisasa? Na kikibaki kiporo?

Chungu_Kikuu:

Kienyeji ni bora zaidi, na miguu ya ziada huihitaji kwa sababu mifupa na kano zake zinatoa ute wa kutosha. Mtoe ngozi, mkate, mtokose saa moja na nusu hadi mbili kutegemea umri, engua mafuta, halafu endelea kama MpishiWaMeli alivyoeleza. Ila usimpikie ndani ya karanga muda wote huo. Zitaungua chini kabla nyama haijalainika.

Kiporo: mchuzi na kuku vinakaa kwenye friji siku 3, mboga weka mbali. Utakuta umekuwa mzito kama ugali, usishtuke, ni mchele. Pasha moto mdogo, ongeza supu au maji ya moto ml 100 kwa wakati mmoja ukikoroga hadi ulegee, na kuku achemke hadi katikati. Ukigandisha kwenye friza, mchuzi ukiyeyuka unaonekana umekatika. Upige kwa mchapo ukiwa wa moto, unarudi. Mboga chemsha mpya, haichukui dakika kumi.

Wali uwe mweupe mtupu. Wali wa nazi hapa unaua karanga, na mgonjwa wako utakuwa umemnyima mafuta kwenye bakuli ukampa kwenye sahani.