Nimejenga miaka kumi kwa jasho, leo naambiwa jasho bila risiti si gharama!

Wadau, niwieni radhi, uzi huu ni mrefu. Nimetoka mjini sasa hivi, nimevuka feri na jua la saa nane, madafu mawili nimekunywa na hasira bado ziko palepale.

Kwanza niwaulize: nani humu ana risiti ya lori la mchanga la mwaka 2006? Hakuna. Hata mimi sina. Basi kukosa hiyo na nyingine kama hiyo kumenitoa robo milioni kwenye kodi ya kuuza nyumba yangu.

Kisa chenyewe. Mama alitulea Majengo kwenye nyumba bila ardhi. Wa Mombasa mnazijua: ukuta wako, bati lako, ardhi ya mwenyewe, kila mwezi unampelekea kodi na siku akiamka vibaya huna la kusema. Nikaapa mie sitazeeka hivyo. Mwaka 2004 nikanunua ploti yenye hati, Bamburi ndani ndani kule, kwa shilingi 350,000. Nikajenga kwa pesa za chama na viazi karai, wallahi. Mwaka huu mawe, mwaka ujao boriti, mwaka wa tatu hakuna kitu kwa sababu mtoto kaingia sekondari. Ilipoisha ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Nikakaa humo hadi 2021, mama alipovunjika nyonga nikahamia Likoni kumwangalia, nyumba nikaipangisha.

Mwaka huu nikapata mnunuzi, milioni 5.8. Nikaenda kwa wakili, jina lake silitaji. Nikamuuliza kwa mdomo wangu huu, "Mimi muuzaji natakiwa kulipa nini?" Akanijibu huku anatazama simu, "Ushuru wa stempu, ule wa kuhamisha hati, ni asilimia nne, na huo ni wa mnunuzi. Wewe mama tulia." Nikatulia! Amana ya asilimia kumi ikaingia, 580,000, ikaenda yote kwa hospitali na karo. Wiki tatu baadaye karani wake ananipigia: "Mama, kuna CGT hapa."

CGT ndiyo kodi ya faida ya mtaji. Ukiuza ardhi au nyumba, wanachukua bei uliyouzia, wanatoa gharama zako, kinachobaki wanakata asilimia 15. Gharama ni bei ya kununulia, stempu uliyolipa ukinunua, mawakili wa kununua na wa kuuza, dalali, na ulichojengea. Kwa maneno ni haki kabisa. Sikatai kodi jamani, barabara hazijitengenezi.

Tatizo ni hilo neno "ulichojengea". Karani akataka risiti. Nikampelekea kopo la biskuti ninamoweka karatasi zangu. Nusu ya risiti zimekuwa nyeupe, wino umeyeyuka na joto letu hili, unaziinua kwenye mwanga huoni hata tarakimu. Zilizosomeka zikafika 412,000. Nikatoa na daftari la fundi, lina vidole vya saruji kila ukurasa: "mawe 200, kibarua 2, chai", kila siku na tarehe yake na sahihi yake. Fundi mwenyewe ameshatangulia, Mungu amrehemu. Karani akalifunga daftari kwa kidole kimoja, akanirudishia. "Hili si risiti, mama."

Tufanye hesabu pamoja, mniambie kama nimekosea. Ploti 350,000, stempu ya wakati ule 14,000, wakili wa wakati ule 15,000, huyu wa sasa 90,000, dalali 174,000, risiti zinazosomeka 412,000. Jumla 1,055,000. Toa kwenye 5,800,000, inabaki "faida" ya 4,745,000. Asilimia 15 yake ni 711,750.

Sasa daftari la fundi pamoja na zile risiti, ujenzi wote ni kama 2,100,000. Zingehesabiwa zote, kodi ingekuwa 458,550. Yaani nalipia 253,200 kwa sababu wino umefutika na fundi hakuwa na kitabu cha risiti. Fundi gani wa Bamburi mwaka 2006 alikuwa na kitabu cha risiti?

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Kodi hii ilianza 1975, ikasimamishwa Juni 1985, ikarudi Januari 2015 kwa asilimia tano. Mimi nimenunua 2004! Miaka hiyo yote nikibeba mawe kodi yenyewe ilikuwa imelala. Ningeweka risiti za kodi isiyokuwepo? Lakini ilipoamka haikusema itaanza kuhesabu kutoka 2015, inarudi nyuma hadi siku uliyonunua. Na zile 350,000 zinabaki 350,000 zilezile, kama kwamba shilingi ya 2004, mkate ulipokuwa shilingi ishirini na kitu, ndiyo shilingi ya leo. Kupanda kwa bei hakumo kwenye hesabu. Basi sehemu ya hiyo "faida" si faida, ni shilingi yetu iliyokonda. Ningeuza kabla ya Januari 2023 ilipopandishwa kuwa asilimia 15, kwa hesabu ileile ningelipa 237,250. Mwenye hisa za Soko la Hisa la Nairobi naye akiziuza kwa faida hatozwi CGT hata senti. Sina la kuongeza hapo.

Kuna misamaha, msiniambie sijasoma, nimesoma usiku kucha. Nyumba unayokaa mwenyewe haitozwi, mradi umekaa humo mfululizo miaka mitatu inayotangulia kuuza. Mimi nilikaa zaidi ya hiyo, lakini nilitoka 2021 kumuuguza mama. Ningemwacha mama Likoni nikabaki kwenye nyumba yangu, nisingelipa! Ardhi isiyozidi milioni tatu haitozwi. Dalali akaninong'oneza, "Tuandike milioni mbili na tisa, nyingine mkononi." Nikamwambia mnunuzi anakopa benki, mthamini wa serikali anakuja kupima kwa ajili ya stempu, na mimi sina miguu ya kukimbia na kesi. Akacheka. Kumpa mume au mtoto nako hakutozwi, lakini mwanangu hana milioni 5.8, ana bodaboda.

Mirathi pia, kwa wanaogombana huko nyumbani: mali ya marehemu ikiuzwa kusimamia mirathi haitozwi ikiwa mambo yamekamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo, au muda ulioongezwa kwa barua. Acheni kuvutana miaka saba halafu mlie.

Haya, na kulipa kwenyewe. Kwa sheria ya fedha ya 2023, kodi inaiva, yaani inatakiwa iwe imelipwa, siku unayopokea pesa zote au siku umiliki unaposajiliwa, inayotangulia. Mnunuzi wangu ni wa mkopo. Benki haitoi pesa mpaka hati iwe kwa jina lake na rehani ishaandikwa. Kwa hiyo usajili unatangulia, kodi inaiva, na mimi mkononi sina kitu! Nikichelewa, faini ya asilimia tano na riba ya asilimia moja kila mwezi. Nimekopa sako kulipia faida ambayo sijaiona. Leo asubuhi ndiyo nimejaza iTax, ule mtandao wa kodi, nikatoa namba ya malipo, nikalipa 711,750. Nilipouliza kwa nini sikuambiwa mapema, wakili akasema, "Mama, kila mtu anajua." Na 90,000 zake amezipokea bila kuchelewa.

Ningeambiwa siku ya kwanza ningeongeza bei, au ningedai amana kubwa, au ningemtafuta kijana wa duka nililonunulia vifaa anichapie nakala duka likiwa bado lipo. Sasa duka ni la simu.

Ninachotaka kwenu, hasa wahasibu: kuna aliyewahi kupeleka daftari la fundi, au ripoti ya mkadiriaji majenzi aliyeipima nyumba, ikakubaliwa kama gharama ya ujenzi? Na nikishalipa naweza kurekebisha fomu nidai hizo 253,200? Wa kuniambia "pole mama" ahsanteni, lakini leo nataka majibu. Daftari ninalo hapa mezani.