Naomba ushauri: jogoo mmoja, wageni 14

Hamjambo wapendwa. Krismasi hii familia yote inakuja kwangu hapa Kisumu, watu 14, nami nina jiko moja la makaa na gesi ya kilo 6. Mashemeji kutoka Kakamega wanaleta jogoo wa kienyeji. Bila ingokho, yaani kuku kwa Kiluhya, kwao hiyo si Krismasi. Baba mkwe naye anataka ngege (samaki aina ya tilapia) mzima wa mchuzi, na kichwa ni chake. Watoto wanalilia pilau. Jumapili nilijaribu jogoo kama huyo: saa mbili na nusu motoni, maji nimeongeza mara tatu, paja bado linavutana na meno kama mpira. Je, nimchemshe tarehe 24 usiku, au ladha itapotea? Na kati ya samaki na pilau, niache kipi bila kununiwa?