Bustani ya magugu ipigwe picha kama ilivyo, au ifagiliwe kwanza?

MWENYE MADA (Tudor)
Wenzangu, hebu tulijadili hili bila kutukanana. Siku hizi kwenye magrupu ya mitaa watu wanatuma picha za bustani zilizoachiwa wadudu na ndege: majani makavu chini, nyasi zimefika magotini, mdimu umetobolewa kila jani. Wengine wanasema mashallah, wengine wanauliza kama nyumba hiyo imekosa fagio la chelewa. Mimi nasema ipigwe kama ilivyo. Ila ua wote wa nyumba uonekane, si ile kona moja iliyopendeza.

Mdimu uliotobolewa ndio hasa wa kupigwa. Viwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano wanakula majani ya mdimu na mchungwa. Wakiwa wachanga wanafanana na kinyesi cha ndege, unaweza kuwapita na kamera yako mkononi. Wakikua wanageuka kijani, na ukimgusa mmoja anachomoza nyuma ya kichwa pembe laini ya rangi ya chungwa, harufu yake kali. Anayepulizia mdimu wake dawa asije akalia hapa kwamba vipepeo wamehama Mombasa.

Na hayo majani makavu mnayoyaita uchafu: pale Bamburi, machimbo ya kiwanda cha saruji yalibaki mwamba mtupu wa matumbawe. René Haller, mtaalamu aliyepewa kazi ya kuyafufua machimbo hayo, alianza kupanda miti mwaka 1971, mvinje ukashika, lakini majani yake yakawa yanarundikana tu bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wakayatafuna, udongo ukapatikana. Leo tunalipa kiingilio kwenda kupumzika Haller Park. Nyumbani tunayachoma majani kila asubuhi, kisha tunanunua mbolea kwa gunia!

Kuhusu kamera: jua la saa sita huku kwetu linapiga utosini, kila unyasi unaonekana jalala. Piga mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, na uchuchumae uwe kimo kimoja na maua. Acha na kijia kilichofagiliwa kiingie kwenye picha, mtu ajue hapo pana mwenyewe.

MAMA WA KONGOWEA
Mwanangu, maneno matamu, lakini hujaugua wewe. Homa ya mbu ya chikungunya ya 2018 ilitutembeza tumepinda kama wazee wa miaka mia. Kabla yake ilikuwa dengue. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza vichaka na nyasi ndefu za kuficha mbu. Sasa mnatufundisha kuvipiga picha na kujisifu? Na nyoka je? Mimi nina wajukuu wanaocheza peku.

MPIGA PICHA, LIKONI
Mteja akitaka picha za kupangisha nyumba, nafagia. Mpangaji haji kutazama viwavi. Halafu mkiacha maembe yaoze chini mnamlisha kunguru wa India, si ndege chozi. Kunguru huyo anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja. Hilo nalo liwekeni kwenye picha.

MWENYE MADA
Kaka wa Likoni, hapo kwa maembe sina ubishi, yaokotwe. Biashara yako ni biashara, lakini picha ya kupangisha si kipimo cha ua wa mtu anayeishi kwake.

Mamangu, shikamoo. Mbu anayeeneza dengue na chikungunya anaweza kupumzika kivulini, kweli. Lakini hatagi kwenye nyasi. Anataga ndani ya vyombo vyenye maji: pipa, tairi, kifuu cha nazi, kisahani chini ya chungu cha maua. Kwa mji wa maji ya mgao kama huu, hata ua uliosakafiwa wote, usio na unyasi mmoja, unamzalisha ikiwa pipa halina kifuniko. Sheria hiyo hiyo inataja pia makopo na chupa zinazotupwa uani. Ndiyo maana nikasema ua wote uonekane. Anayetuonesha kipepeo akaficha pipa wazi nyuma yake anatudanganya, na huyo simtetei.

Nyoka: karibu na milango na pale watoto wanapocheza, nyasi zikatwe fupi, magogo na mawe yaondolewe. Hilo halina mjadala. Ila yule wa kijani mwenye sumu kali makao yake ni juu ya miembe na minazi, fagio halimfikii hata uwanja ung'ae.

MKULIMA WA KISAUNI
Mnasahau lantana, kile kichaka cha maua ya rangi rangi. Vipepeo wanaipenda, inatoka vizuri kwenye picha, lakini imetoka nchi za joto za bara la Amerika na ikiachwa inameza kila kitu. Magugu mengine ni ya kung'oa tu.

MWENYE MADA
Ing'oke. Sasa anayebisha alete picha mbili za ua wake: moja ya karibu, moja kutoka langoni, na pipa lionekane.